Likizo ya Mwisho ya Masomo: Kutoka Nakivale Mpaka Bunagana



Kila mwaka ikikaribia likizo ya muhula wa pili, wazazi hutuuliza sisi walimu wa kujitolea swali moja: huyu kijana wa kidato cha sita, aliyebakiza muhula mmoja tu, likizo hii aende wapi? Wengine wanasema akae ndani na madaftari yake. Wengine wanasema aende shambani, maana karo bado haijaisha. Yote mawili ni kweli, hatubishi. Lakini sisi tulipata siku sita za kusafiri kabla ya kumaliza masomo yetu hapa Uganda, na mpaka leo tunaona zilitusaidia sana. Ndiyo maana tumeona tuwaeleze mwezi huu.

Ilikuwa Agosti 2019, kiangazi, vumbi kila mahali. Tulikuwa wanne, wavulana watatu na dada mmoja. Wote tumezaliwa Kivu ya Kaskazini, upande wa Rutshuru na Masisi, na wote tulivuka mpaka na wazazi wetu mwaka 2008, wakati wa vita vya CNDP. Tulikuwa watoto wa miaka tisa na kumi. Tulipofika Nakivale tukawekwa darasa la tatu, tukaanza Kiingereza kutoka sifuri. Kwa hiyo mwaka huo wa 2019 tulikuwa tumesoma ugenini miaka kumi na zaidi. Lakini huo ugeni wenyewe, kusema kweli, hatukuujua. Tulijua Base Camp, tulijua shule, tulijua hospitali ya Mbarara kwa yule aliyewahi kuugua. Mtu angetuuliza Uganda ikoje, tungemweleza foleni ya posho na bomba la maji.

MAANDALIZI

Pesa tulizipata kwa kufyatua matofali katika likizo mbili zilizotangulia, na kwa kuuza maharage kidogo. Kila mmoja alikuwa na shilingi 90,000. Tulichukua barua ya shule na vitambulisho vya mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya nchi, na tuseme wazi, hiyo ni bahati. Ndugu zetu walioko kambi ya Nyarugusu kule Tanzania hawawezi kutoka kambini bila kibali.

Mama yake yule dada hakukubali haraka. Alisema, "Wanangu, ninyi nawajua, lakini watu wa njiani siwajui." Akaweka masharti mawili: binti alale kwa familia, si gesti, na kila jioni apige simu kabla ya giza. Tulikubali, na masharti yale yalitufaa sote, kwa sababu gesti nne zingemaliza pesa siku ya pili.

Mwenzetu mmoja alikuwa na sababu yake ya kusafiri. Baba yake mdogo alibaki upande wa Rutshuru, akampigia simu: njoo Bunagana tuonane, hapa kuna kazi ya magari, na shamba la marehemu baba yako linahitaji mtu. Asubuhi ya kuondoka tuliona amebeba begi kubwa kuliko la safari ya siku sita. Ndani aliweka mpaka cheti chake cha kidato cha nne. Tuliliona begi, tukanyamaza. Huwezi kumwambia mtu asiende kwao.

NJIA YA KABALE

Kutoka Nakivale tulipanda taksi ya abiria 14 iliyobeba zaidi ya 20 na kuku, tukapitia Isingiro. Vilima vyote ni migomba. Matoke yale tunayoyaona yamepangwa juu ya malori kuelekea Kampala, mengi hutoka huku huku, jirani na sisi. Baada ya migomba wakaja ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Mbarara hatukukaa, tulikula ndizi za kuchoma tukashika gari la Kabale.

Mbarara hadi Kabale ni karibu kilomita 140. Mpaka Ntungamo nchi imelala wazi, halafu barabara inaanza kupanda na baridi inaingia dirishani. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Kivu tuliizoea baridi tukiwa watoto, lakini miaka ya jua la Nakivale ilikuwa imetusahaulisha. Tulishuka tukitetemeka, watu wa stendi wakatucheka.

Kule milima yote imekatwa matuta kama ngazi, kutoka bondeni mpaka juu kabisa. Viazi mviringo, mtama, maharage. Hakuna kipande kimelala bure. Tulilala kwa mzee mmoja, baba wa mwalimu wetu wa zamani. Jioni alitupa obushera, ule uji wa mtama, akatuuliza tunatoka wapi. Tulipomwambia Nakivale, hakushangaa. Akasema hata Wakiga wanajua kuhama. Watu walizidi ardhi, na kuanzia mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza kuwahamisha familia nyingi kwenda kutafutiwa mashamba sehemu nyingine. Alisema ndugu zake wengi wako huko mpaka leo na watoto wao hawajui baridi. Sisi tulidhani kuhama ni habari yetu peke yetu.

ZIWA BUNYONYI

Siku ya pili tulitembea kwa miguu mpaka ziwa Bunyonyi, si mbali na mji. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametufundisha juu ya maziwa yaliyozibwa na lava, tukakariri tupate alama. Pale tulisimama juu ya kilima tukaliona lenyewe: bonde lililozibwa na moto wa volkano zamani sana, maji yakajaa, vilima vikabaki visiwa. Visiwa ni 29. Jina lake maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi, na kweli tuliwasikia kabla ya kuyaona maji.

Kijana mmoja alituvusha kwa mtumbwi wa gogo. Alituonyesha kisiwa cha Bwama. Mwaka 1931 daktari Mwingereza, Leonard Sharp, alianzisha pale makazi ya wagonjwa wa ukoma. Wakati ule mwenye ukoma alifukuzwa na jamaa zake. Miaka ya 1980 makazi yalifungwa kwa kuwa dawa zilipatikana, na majengo yakawa shule. Tuliona wanafunzi wakivuka kwa mitumbwi, sare zao zimekunjwa mpaka magotini zisiloane. Kumbe kuna wanaokwenda shule mbali kuliko sisi.

Halafu akatuonyesha kisiwa kidogo sana, majani na mti tu. Kinaitwa Akampene. Hapo zamani msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alipelekwa pale akaachwa afe kwa njaa, au azame akijaribu kuogelea. Mwanamume maskini asiye na mahari aliweza kwenda kumchukua akamwoa bure. Desturi ile ilikwisha katika karne iliyopita. Yule kijana aliieleza kama anavyowaeleza wageni wote, haraka haraka. Lakini dada yetu aliuliza, "Na yule aliyempa mimba, alipelekwa kisiwa gani?" Kijana aliacha kupiga kasia. Hakuwa na jibu, na sisi wavulana watatu hatukuwa nalo.

Wazazi, hatuandiki haya kwa kuwasema Wakiga. Darasa letu la kidato cha kwanza lilikuwa na wasichana 17. Kidato cha sita walibaki wanne. Waliotoka kwa sababu ya mimba hatukuwapeleka kisiwani, lakini ni wangapi tuliwarudisha darasani? Dada yetu alituuliza hivyo njia nzima ya kurudi Kabale, na tunawaletea swali lake lilivyo.

KISORO NA MILIMA YETU

Kabale hadi Kisoro ni karibu kilomita 80, kona juu ya kona. Barabara inapita msitu wa Echuya wenye mianzi, halafu inafika mahali panapoitwa Kanaba. Pale dereva alipunguza mwendo bila kuombwa. Mbele yetu ilisimama milima mitatu kwa mstari: Muhabura, Gahinga na Sabinyo.

Hatukusema kitu. Sabinyo tuliijua tangu utoto, ila kutoka upande wa pili. Kilele chake ndicho kinachokutanisha Kongo, Uganda na Rwanda. Wenyeji wanasema jina lake ni meno ya mzee, kwa sababu juu kumechongoka kama meno yaliyobaki mawili matatu. Gahinga ni lundo la mawe, na ukiingia mashambani unaelewa: wakulima wameokota mawe ya lava na kuyapanga malundo ili wapate pa kupanda. Muhabura, wenye mita 4,127, ni kiongozi wa njia, maana unaonekana kutoka mbali. Mwenzetu wa begi kubwa alisema bibi yake alipokimbia usiku alikuwa akiutafuta huo mlima kila kukicha, ili ajue hajapotea.

Kisoro wanasema Kifumbira, ambacho ni ndugu wa Kinyarwanda, kwa hiyo sokoni tulielewana bila Kiingereza. Tulikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja ambaye mwaka 2008 aliwapa wazazi wetu ukumbi wa nyumba yake kwa usiku mitatu, kabla hatujapelekwa Nyakabande, kituo cha kupokelea wakimbizi, na kutoka hapo Nakivale. Mama zetu walitutuma kilo kumi za mahindi na salamu. Yeye hakutukumbuka kwa sura, tulikuwa watoto. Lakini tulipomtajia majina ya mama zetu aliweka sufuria chini akaanza kuhesabu: yule mwenye mapacha yuko wapi? Yule aliyekuwa anakohoa alipona? Aliyekuwa anakohoa hakupona, tukamwambia. Akalia kidogo, akafuta macho na kanga, akatupikia viazi na maharage.

Tulimuuliza kwa nini alifungua mlango usiku ule kwa watu asiowajua. Alitujibu kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Basi, hakuongeza neno.

Kesho yake alitutembeza mpaka karibu na hifadhi ya Mgahinga. Njiani alituonyesha vibanda vidogo vya Wabatwa. Wao waliishi ndani ya misitu ile vizazi na vizazi. Mwaka 1991 misitu ya Mgahinga na Bwindi ilipofanywa hifadhi za taifa ili kulinda sokwe wa milimani, waliambiwa watoke, na wengi wao hawakupata ardhi. Hawakuvuka mpaka wowote, kwa hiyo hakuna anayewaita wakimbizi, wala hawana kadi ya posho. Tulinunua kikapu kimoja kwa mama wa Kibatwa. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo, tukaona aibu kumwomba apunguze.

BUNAGANA

Kisoro hadi Bunagana si safari ndefu, tulikwenda kwa boda boda. Mji ni mmoja kwa jina, nusu Uganda nusu Kongo. Mwaka ule kulikuwa na Ebola upande wa Kongo, kwa hiyo kila anayeingia alinawa mikono kwa maji ya dawa na kupimwa joto. Malori yalisimama mstari, akina mama walivuka na vikapu, na sisi tulisimama mita chache tu kutoka nyumbani.

Hatukuvuka. Tulijua kwamba mkimbizi anayerudi mwenyewe katika nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa kama bado anahitaji ulinzi. Hilo ni jambo la sheria, na wazazi walitukumbusha kabla ya kutoka. Lakini zaidi ya sheria, miguu ilikuwa mizito. Unaona kilima ulichochungia mbuzi, halafu unakikuta kiko nyuma ya kizuizi cha fimbo iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe.

Baba mdogo alivuka yeye kuja kwetu. Alikuwa amekonda kuliko picha ya simu. Alimkumbatia mwenzetu muda mrefu, akatusalimu sote mmoja mmoja, tukakaa kwenye duka la chai. Alieleza habari za nyumbani bila kuzipamba: sehemu ya shamba inalimwa na watu wengine, nyingine imekuwa kichaka, na kuna usiku wao hulala nje. Kazi ya magari ipo, kupakia na kupakua, malipo ni ya siku.

Mwenzetu alifungua begi akatoa bahasha ya cheti. Mzee akakishika kwa ncha za vidole, kwa kuwa alikuwa na mafuta ya mandazi mkononi. Kiingereza hakijui, akatuomba tumsomee. Tulimsomea somo kwa somo. Akauliza, "Basi masomo imeisha?" Mwenzetu akajibu kwamba bado, mtihani mkubwa ni Novemba. Kumbe mzee alidhani amekwisha maliza! Hakuna aliyemwambia, na mwenzetu mwenyewe kwenye simu hakuwa ameulizwa.

Mzee alinyamaza. Akakunja cheti, akakirudisha kwenye bahasha. Kisha akasema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "Mutoto yangu, shamba haikimbie. Ni sisi batu ndiyo tunakimbia. Rudia, umalize. Mimi nitachunga kenye kimebaki."

Mwenzetu alibisha. Alisema baba yake amekufa, mzee anazeeka peke yake, na karatasi haiwezi kulima. Walibishana kwa sauti ya chini, sisi tukatoka nje tuwaache. Tulitazama malori karibu saa nzima. Tuliporudi, begi lilikuwa begani mwake na macho yalikuwa mekundu. Mzee alikuwa amemfungia maharage ya mbegu kwenye kitambaa, kama kilo mbili, kutoka shamba la baba yake. Akatuambia sisi watatu, "Mumupeleke." Akavuka kurudi.

TULIPORUDI

Tulirudi Nakivale siku ya sita usiku, tukiwa tumebakiza shilingi 4,000 kwa wote. Novemba tulifanya mtihani, sote wanne. Matokeo yalitoka mapema mwaka 2020. Machi mwaka huo huo shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya Korona, na madarasa mengi hayakufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Aliyeacha shule mwaka 2019 akidhani atarudi mwakani, alikuta hakuna pa kurudi. Mwenzetu analijua hilo kuliko sisi.

Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ilitekwa na M23. Maelfu walivuka kwenda Kisoro, na Nyakabande ikajaa tena kama tulivyoijua sisi. Yule mama aliyetupokea alitupigia simu usiku kusema ukumbi wake umejaa watu. Miezi michache baadaye, kwenye basi moja lililoleta familia mpya hapa, alishuka baba mdogo na mke wake na mfuko mmoja. Alipopewa kiwanja chake aliomba mbegu za kuanzia. Mwenzetu alimpelekea maharage. Mzee aliyageuza mkononi, akayatambua.

Wawili kati yetu leo tunafundisha hapa hapa kwa kujitolea. Tunapofundisha maziwa ya volkano, tunasema tuliyoyaona. Dada yetu anasomea ukunga, na akija likizo huenda kuwatembelea wasichana waliotoka shule, nyumba kwa nyumba. Lile swali la kwenye mtumbwi hajaliacha.

MANENO MACHACHE KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Kama kijana wako anakaribia kumaliza na kuna uwezo hata mdogo, usimkatalie safari, lakini msaidie kuipanga hivi:

Kwanza, achukue kitambulisho chake na barua ya shule, na nakala ibaki nyumbani. Askari wa njiani walitusimamisha mara mbili, na mara zote mbili karatasi zilijibu kwa niaba yetu.

Pili, alale kwa watu wanaojulikana. Karibu kila familia hapa ina mtu aliyewahi kuipokea njiani. Kwenda kumwambia asante ni sababu tosha ya safari.

Tatu, asisafiri mikono mitupu, hata mahindi kidogo. Mgeni anayekuja na kitu hupokewa vingine.

Nne, na hili ni la wazazi na jamaa walio mbali: mkimpigia simu mwanafunzi aje nyumbani au aje kazini, muulizeni kwanza amebakiza nini. Swali hilo moja lingemwokolea mwenzetu begi zito na machozi ya Bunagana.

Tena mnaoweza, tafuteni mtu mzima wa Uganda aliyewahi kuhama mwenyewe, mkae naye mle naye. Tulisoma hapa miaka mingi tukijiona wageni wa kupewa tu. Baada ya Kabale na Kisoro tulianza kujiona majirani wa watu wenye habari zao.

Tunawashukuru wazazi wetu walioturuhusu, mzee wa Kabale, mama wa Kisoro, na dereva aliyepunguza mwendo pale Kanaba. Wanafunzi wa kidato cha sita wa mwaka huu, tunawatakia muhula wa mwisho mwema. Mkifika Kisoro, mwambieni mama yetu kwamba mapacha wote wawili wameoa.